Heaika Boine na Bata Bukini wa Mwezi Mei

Marehemu Heaika Boine alizaliwa tarehe 3 Mei 1932 huko Leavdnja, kaskazini mwa Norwei, ndani kabisa ya ghuba ya Porsáŋgu, mtoto wa pili wa mzee Ánte na mama Elle. Ni majira ambayo gilljobaš, bata bukini mdogo wa mwituni, hurudi kwenye matope ya ghuba yetu.

Mwaka 1939 alipelekwa shule ya bweni, ambako Kisami, lugha yetu, kilikatazwa. Mwalimu alimwonyesha picha ya ndege huyo, akataka jina la Kinorwei. Heaika akajibu, “Ukimwita hivyo hageuki.” Alichapwa. Jina hakulibadili.

Wazee wetu walisema, ukimsikia gilljobaš wa kwanza wa mwaka kabla hujala, ndege amekushinda, na mwaka huo uombewe. Mei 1951, kaka yake Mihkkal alitoka mapema kutazama nyavu.

“Mihkkal, tia kitu kinywani kwanza!” mama alimwita.

“Mama nawe! Ndege na tumbo langu wapi na wapi?”

Bata walipita juu ya paa wakipiga kelele. Mchana barafu ya mto ilivunjika chini yake. Heaika ndiye aliyeiokota kofia ya marehemu kaka yake.

Alivua samaki ghubani, kisha akatengeneza barabara hadi alipostaafu mwaka 1997. Tarehe 12 Julai 1958 alimwoa Sire. Kila Mei, kabla mkewe hajafumbua macho, alimsukumia kipande cha nyama kavu ya kulungu wa kaskazini: “Tafuna, mke wangu, kisha ndipo uninunie.”

Mwishoni mwa 2008 alipatikana na saratani ya umio. Kufikia Aprili hata maji hayakupita. Nyumba nzima tulijua ni mwezi gani unaokuja, hakuna aliyeutaja.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 2009 tulisikia sauti kwa mbali.

“Fungueni dirisha,” alisema.

“Hujala kitu, Heaika!” Sire alisimama mbele ya kioo. “Sifungui.”

“Bata hao wamebaki wachache, mke wangu. Niacheni niwasikie.”

Binti yake Iŋgá alimsogeza mama yake, akafungua. Marehemu alisikiliza, akatabasamu, akaliita lile jina. Alifariki tarehe 16 Mei, alfajiri.

Ameacha mjane, Sire, mabinti wawili, Risten na Iŋgá, wajukuu watano, na mimi mpwa wake, Márjá. Tangu siku ile ya dirisha Sire na Iŋgá hawajasemeshana.

Mungu ampumzishe Heaika, na awape amani hao wawili waliosimama pande mbili za kaburi lake.