Bi. Teresia Mbeyu, Aliyetuvusha Hadi Botswana

Bi. Teresia Mbeyu anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuutumikia Umoja wa Wafugaji na Wakulima wa Delta, hapa Garsen, kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa kupiga chapa. Kazi ya kuwapangia wanachama safari za kwenda Botswana kujifunza ufugaji hakupewa na mtu. Aliichukua mwenyewe alipochoka kutuona tukihangaika.

Tunayoyajua kuhusu kwenda nchi ile tumeyasikia kwake, mara nyingi kwa ukali. Chanjwa homa ya manjano na utembee na cheti. Ulizia masharti ya viza mapema, maana hubadilika. Badilisha fedha upate pula, sarafu ya kule. Usiendeshe gari usiku, kwa kuwa punda na ng'ombe huzagaa barabarani, na kaskazini hata ndovu. Tena beba sweta, kwani asubuhi za Juni na Julai kule ni baridi kali. Levi wa idara ya mpunga aliicheka habari ya sweta. Picha zake zote za Botswana amejifunika blanketi la hoteli, na Teresia amezibandika ofisini hadi leo.

Mimi huikumbuka zaidi safari ya kwanza, tuliyokwenda kwa basi kupitia Zambia. Rra Molefi, yaani Bwana Molefi, mfugaji wa Maun, Botswana, aliwahi kukwama Garsen wakati wa mafuriko, na mama wa mwanachama mwenzetu Galgalo akamlisha mpaka barabara ilipofunguka. Sasa mama huyo alikuwa amempa Galgalo, tuliyesafiri naye, amfikishie Molefi nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa samli, ndani ya chombo alichokisuka mwenyewe.

Hakuna aliyewaza habari ya mpaka. Botswana hulinda sana ng'ombe wake na magonjwa. Hata viatu vyetu vilikanyagishwa dawa. Nyama yetu isingepita. Galgalo alikikumbatia chombo, akasema, "Mimi natupa hii namna gani? Mama atauliza mimi, Molefi alikula?" Kwao, kumwendea rafiki mikono mitupu ni aibu, na aibu hiyo ingemwangukia mama.

Teresia hakubishana na ofisa wa mpakani wala hakumgombeza Galgalo. Alituketisha kando ya foleni ya malori, tukala nyirinyiri yote pamoja na madereva. Kisha akaomba maji moto kwenye kibanda cha chai, akakisugua chombo mwenyewe. Ofisa alikikagua, akakiruhusu.

Molefi alipokea chombo kitupu na kusimuliwa kisa chote. Aliingia ndani, akakijaza sukari na majani ya chai ya kumpelekea mama. Galgalo alilia, nami nikalia. Tangu hapo Teresia ana sharti jingine kwa kila msafiri: nyama na maziwa yaache nyumbani, chombo safi kibebe.

Mwezi ujao anakwenda Maun akiwa mgeni wa Molefi, bila pasi za watu wengine mkobani. Tunafurahi, ingawa hatujui sasa nani atatugombeza.

Asante, Mama Teresia. Pumzika vyema, utembee ukiwa na afya. Mama yake Galgalo ameleta chombo kilekile, kimejaa. Leo tutaimaliza nyirinyiri yote hapa ukumbini, na Galgalo atakiosha kwa mikono yake, ili safari hii ukibebe wewe.