Kitambaa cha Mama Mkwe na Sabuni Isiyo na Povu

Kisa hiki alikisimulia kwanza Hesbon, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyumbani Bokoli, watu wakiwa bado wanakula. Mimi na Hesbon tumeoa dada wawili, kwa hiyo mama mkwe wetu ni mmoja. Alikisimulia kikiwa na makosa manne. Matatu nimeyasahihisha hapa. La nne linanipendelea, nimeliacha.

Benchi letu liko Matisi, Kitale, mbele ya kinu cha mahindi cha Hesbon: ubao mmoja juu ya matairi mawili ya trekta, mweupe kwa vumbi la unga, hivi kwamba kila anayeinuka hapo huenda nyumbani na alama matakoni. Kwa sababu ya kinu, Hesbon tunamwita Injinia. Kipkirui, mkulima wa Endebess, tunamwita Jaji. Aliwahi kushinda kortini siku nzima kama shahidi, hakuitwa, akarudi akizungumza kisheria. Kahawa ya tangawizi huuzwa na Nyaruai, mjane, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu. Mimi ni Daftari. Ninaandika tarehe za ukoo: nani alizaliwa lini, nani alimwoa nani, na nani hapaswi kukutana na nani njiani. Mwaka 2022 nilimsimamisha Hesbon kwenye mvua dakika arobaini kwa kuwa mama mkwe alikuwa sebuleni. Niliandika hizo dakika.

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili, saa mbili unusu asubuhi, nilifika nikiwa na mfuko wa unga wa kilo mbili, mdomo umekunjwa. Nikauweka kwenye benchi, nami nikaketi mbali nao.

Injinia: Sasa, Daftari. Hiyo ni mandazi?

Daftari: Usiguse.

Injinia: Ati nisiguse? Kwani ni nyoka?

Daftari: Ni kitambaa cha kichwa cha Mama Phelista.

Injinia: Phelista gani? Mama yetu?

Daftari: Mama yetu.

Hesbon aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyechomwa na makaa, akaenda kusimama mlangoni mwa kinu. Kwetu Bungoma, mume hamkaribii mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, hapiti naye kijia chembamba, na nguo zake hazigusi hata zikiwa kambani. Ndiyo maana Mama Phelista, alipotoka Bokoli kuja kutibiwa macho Kitale, hakulala kwangu. Alilala kwa muumini mwenzake, mlango wa tatu kutoka kwetu, na nguo zake zikawa zinaletwa kwa mke wangu Sellah azifue.

Jaji: Naomba korti ielezwe. Kitambaa ya mama iliingiaje kwa mfuko wa unga?

Daftari: Nilijiandikisha kwa sabuni.

Nyaruai: Mtu hujiandikisha kura. Siku hizi ni sabuni pia?

Daftari: Kuna kampuni ya Nairobi. Wanakutumia pakiti kila mwezi. Haidhuru mto, haiui samaki. Maji yake unamwagia mboga ya sukuma.

Injinia: Samaki gani? Wewe uko na samaki, bana?

Daftari: Maji ya Matisi huishia mahali, Injinia.

Jaji: Endelea, shahidi.

Daftari: Si ya unga, si ya kipande. Iko kama karatasi. Unararua moja, unatia kwa karai. Sellah aliiangalia, akasema hiyo ni risiti imelowa. Akasema aliyejiandikisha ndiye atafua.

Injinia: Na wewe ukafua? Wewe, Daftari?

Daftari: Jana alienda Bungoma kuchukua barua ya daktari ya mama. Aliniachia karai. Akaniambia nifue za juu, za chini niache.

Nyaruai: Si alikwambia, basi?

Daftari: Aliniambia. Lakini pakiti ilisema loweka zote pamoja.

Nyaruai alinitazama kama anavyotazama kikombe kilichorudishwa kikiwa na ufa.

Nyaruai: Kwa hivyo mke wako alisema, karatasi ikasema, ukasikia karatasi.

Daftari: Imeandikwa.

Nikawaeleza yaliyobaki, kwa kuwa nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo. Pakiti ilisema pia, kwa herufi nene, nisitarajie povu. Nilitarajia. Nilisimama juu ya karai dakika ishirini, saa mkononi, nikingoja povu. Nikatia karatasi ya pili. Nikatia ya tatu. Kufika saa kumi alasiri nilikuwa nimetia za wiki mbili, maji yakiwa matulivu kama chai ya jana. Nikaingiza mikono hadi kwenye viwiko, kulitafuta povu chini. Huko chini kulikuwa na kitambaa kimoja cheupe, na nilipokisugua kilitoa mapovu kama matano. Nikafurahi. Nikakishikilia hicho hicho, nikakisugua kuliko shati lolote nililowahi kuvaa. Asubuhi, wakati wa kuanua, ndipo nilipoona herufi mbili za uzi wa buluu pembeni. Sellah alizishona Agosti 2009. Ninalo kwenye daftari.

Injinia: Yaani umefua kichwa cha mama.

Daftari: Kitambaa.

Injinia: Kichwa, bana! Si ndiyo inakaa kwa kichwa? Mimi nilinyeshewa juu ya kupita tu dirishani!

Daftari: Punguza sauti.

Injinia: Nipunguze? Nilikohoa wiki mbili!

Jaji: Order. Tuulize kwanza hasara ni gani.

Daftari: Hasara ni macho. Leo saa tano ana kliniki. Daktari wa kupasua huja mara moja kwa miezi mitatu. Mama akijua nilichofanya, atapanda gari ya Bokoli sasa hivi. Mnamjua.

Nilikuwa nimekuja kuuliza jambo moja: je, nilimgusa au sikumgusa? Kama sikumgusa, Sellah akirudi angekipokea kitambaa na mambo yaishe. Kama nilimgusa, ilikuwa lazima niseme, maana mimi ndiye ninayewalazimisha wengine waseme.

Injinia: Mimi kama mtu wa mitambo, nitakueleza. Sabuni ya kawaida ina povu. Povu ni kama pazia. Mkono iko huku, nguo iko kule, katikati pazia. Wewe umetumia sabuni haina povu. Hapo hakuna pazia. Umemshika mama mkavu.

Daftari: Alikuwa majini.

Injinia: Mkavu ndani ya maji!

Jaji: Napinga. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Daftari hakuvua nguo. Alitia nguo. Kwa hivyo methali inamwachilia.

Nyaruai: Hiyo methali si ya mambo hayo.

Jaji: Methali ni ya kila mtu, mama. Pili: hii sabuni ni yako?

Daftari: Nimejiandikisha.

Jaji: Mwezi umeisha?

Daftari: Bado siku nne.

Jaji: Basi si yako bado, ni ya kampuni. Aliyefua ni mwenye sabuni. Wewe ulikuwa tu mkono ya kampuni.

Injinia: Basi kampuni ilete kondoo ya faini Bokoli! Waje na magari yao, wakae kwa nyasi nje, waombe mama msamaha!

Jaji: Wanaweza tuma wakili.

Injinia: Lakini ngoja. Maji ulimwaga wapi?

Nilijua angefika hapo. Hesbon hajawahi kuacha bomba bila kulifuata hadi mwisho.

Daftari: Kwa sukuma. Pakiti ilisema.

Injinia: Na jana mlikula nini?

Daftari: Sukuma.

Injinia: Uui! Umekula kwa kichwa cha mama! Ng'oa shamba lote, Daftari. Ng'oa hata ya jirani, mizizi hutembea.

Nyaruai: Nyinyi watu wa Bungoma mna taabu ya kujitafutia. Mkwe wangu akinifulia hata soksi, nitamtaja kanisani.

Jaji: Tulieni, nimepata. Ulisema ni karatasi?

Daftari: Kama karatasi.

Jaji: Na Daftari kazi yake ni gani? Ni kuandika. Sasa sikieni. Alichukua karatasi, akaituma kwa mama. Hiyo si kufua. Hiyo ni barua! Na mkwe kumwandikia mama mkwe barua, ni mwiko?

Injinia: Barua... hapana. Barua hutumwa.

Jaji: Nimemaliza.

Naomba nikiri hapa, kwa kuwa Hesbon huacha sehemu hii. Mimi, niliyefika kidato cha nne, niliyeandika ukoo hadi kizazi cha saba, nilikubaliana na Jaji. Niliona mwanga. Nilianza hata kutafuta moyoni ukurasa wa kuiandika hiyo barua, na tarehe yake. Niliagiza kahawa ya pili. Injinia naye alirudi kwenye benchi, ingawa alikaa ncha kabisa, nusu ya tako hewani.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja wa Kachibora, aliyeleta maharagwe sokoni. Alikuwa ameketi juu ya gunia lake akinywa kahawa, na kwa heshima alikuwa ametuacha tumalize. Saa yangu ilionyesha saa nne na dakika kumi na tano.

— Samahanini, akasema. Mmesema huyo mama anaenda kliniki saa tano?

— Ndiyo, mama, nikamjibu.

— Na kitambaa yake iko hapa tangu asubuhi?

— Iko hapa.

— Sasa huyo mama, saa hii, amejifunga nini kichwani?

Injinia alinitazama. Mimi nilimtazama Jaji. Jaji alichungulia ndani ya kikombe chake.

Mama Phelista ni mzee wa kanisa la Friends. Kichwa chake wazi, hata kuku wake hawajakiona. Alikuja kutoka Bokoli Jumatatu na mfuko mmoja, nguo mbili na kitambaa kimoja. Nilikuwa nimeviandika mwenyewe alipofika. Mwenyeji wake alikuwa amekwenda na Sellah Bungoma. Kwa hiyo alikuwa peke yake chumbani, macho yakiwa na ukungu, amekwisha kuoga, amekwisha kuvaa viatu, akipapasa kitandani na ukutani kukitafuta kitu ambacho sisi tulikuwa tukijadili pazia lake.

Nyaruai aliuchukua mfuko, akauweka chini ya kwapa, akavuka barabara. Hakuifunika birika, na yeye huifunika birika hata mwenye kahawa akiwa bado hajameza.

Mwanamke wa maharagwe alimaliza kahawa yake, akaweka kikombe, akaondoka. Injinia alikiwasha kinu ingawa hapakuwa na mahindi, akakizima.

Saa nne na dakika arobaini na tano tuktuk ilipita. Sellah, aliyekuwa amerudi kutoka Bungoma, alikuwa ndani, barua mkononi, na kando yake kulikuwa na kitu cheupe ambacho sikukitazama zaidi ya hapo. Mimi na Hesbon tuligeuka tukaupa ukuta nyuso, kama inavyopasa. Jaji, ambaye hahusiki kwa lolote, naye aligeuka. Mama alikuwa wa mwisho kwenye foleni, lakini daktari alimpokea.

Kati ya watu wa kisa hiki, Kipkirui alifariki tarehe 3 Februari 2025, na tulimzika kwao Endebess. Hesbon yuko hai, na kinu chake. Nyaruai yuko hai. Hatujawahi kumuuliza alichomwambia mama siku ile. Sellah yuko hai. Mwanamke wa Kachibora sikumuuliza jina, kwa hiyo siwezi kuandika. Mama Phelista yuko hai, Bokoli, ana miaka sabini na saba, na jicho la kulia limepona kabisa. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikimkwepa njiani. Siku hizi ananiona kutoka ng'ambo ya shamba la miwa, na yeye ndiye huingia kichakani kwanza.