Nani Kamwandikia Fundi?

Mimi si mtu wa kutega sikio kwenye mazungumzo ya watu. Ila masikio yangu hayana kifuniko, na ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimwonyesha wifi yake blogu aliyoianza juzi. Wifi akakunja uso. "'Ndugu msomaji, aidha ieleweke...' Nani kakuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe!"

"Haya, nisimulie lile koti."

"Weee! La bwana harusi? Mkono wa kulia niliushona kushoto. Picha zote kakaa kama anajikuna kwapa!"

"Si uandike hivyo hivyo!"

"Wateja waone sijasoma, wanikimbie?"

"Watakukimbia wakijua umeandikiwa."

"Sijaandikiwa, wifi!"

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Mama niliyekaa naye akachungulia simu yangu, nilimokuwa nikiandika maneno yao. "Mwanangu, mbona kwapa umeliruka?"