Mama Konsolata na Mifupa ya Balangida

Mama Konsolata Akonaay anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika ghala letu la mambo ya kale. Nafasi yake imebaki wazi. Tumeandika barua tatu kuomba mtu, tukajibiwa tuvute subira.

Alizaliwa Bashay, akaajiriwa hapa kama mfagizi. Mtaalamu mmoja alimkuta akipanga mifupa iliyookotwa ufukweni mwa Ziwa Balangida, kiboko huku, swala kule, bila kukosea. Akapelekwa kozi. Tangu hapo kila mfupa ulioingia ulipita kwanza kwenye ulimi wake, maana mfupa uliogeuka jiwe hunata ukiulamba. Ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kuazima kikombe chake cha chai. Harusini kwa Violeth, mwenzetu wa hapa ghalani, alitazama mifupa ya supu, akatangaza kuwa mbuzi yule alikuwa mzee kuliko bibi harusi. Tulicheka mpaka tukashindwa kula.

Hayo ni ya zamani. Mwaka juzi mafuriko yalimchukua Gerald, mfugaji wa Dirma, akivusha ng'ombe korongoni. Mwili haukuonekana, na korongo lile humwaga maji yake Balangida. Mkewe, Tekla, hutembea ufukweni kila wiki, na chochote anachookota hutuletea ndani ya kanga. Ukoo unangoja. Bila hata mfupa mmoja wa kuzika, msiba haujaisha, na Tekla bado analala chini.

Hutoa shikamoo, hukaa, hungoja. Jibu limekuwa lile lile mara thelathini na moja: "Huyu si Gerald, mwanangu. Huyu ni kiboko." Kisha Mama huenda nyuma ya ghala kulia. Aliwahi kuniambia hajui amwombe Mungu nini, Gerald apatikane au asipatikane.

Nilipanga kumalizia kwa pongezi, na anazistahili zote. Lakini asubuhi hii Tekla amekuja tena, na mfupa mmoja ndani ya kanga. Mifupa ya kale huwa mizito. Huu ni mwepesi. Mimi ni karani tu, kazi yangu kuandika namba. Nimeuweka mezani ofisini, nikamwomba Tekla akae kwenye benchi la nje.

Asante, Mama, kwa miaka yote hii. Tunakuombea mapumziko mema huko Bashay, afya na mvua za kutosha. Ila kabla hujakata keki, pita kwanza ofisini. Tekla amekaa benchini tangu saa moja, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Evarist, karani wa ghala