Siku Niliyomrudisha Aneth kwa Mama Yake

Washarika wenzangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Sijasimama hapa kama mtu aliyeshinda kesi. Nimesimama kama mtu aliyeshikwa mkono akiwa njiani kutenda ubaya, na aliyenishika ni Bwana. Jina lake lisifiwe!

Wengi mnaniita Baba Aneth. Mnanijua kwa shamba langu la chai hapa Lupembe. Wasichojua baadhi yenu ni kwamba Aneth sikumzaa. Nilipomwoa mama yake, mtoto alikuwa na miezi saba. Baba aliyemzaa alikwenda upande wa Liganga kutafuta kazi kabla mtoto hajazaliwa, na hakuonekana tena. Mimi ndiye niliyembeba siku ya ubatizo. Hatua zake za kwanza alizipiga katikati ya mistari ya chai, ameshika suruali yangu.

Alipokua alikuwa na tenga lake dogo. Akichuma majani kumi, anakimbia kunionyesha. Jioni tulikuwa tukingoja lori la chai pamoja kituoni, naye husinzia juu ya magunia, na majani yakishapimwa namwamsha turudi nyumbani. Mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, hakubali kwenda shule mpaka mimi nimfunge vifungo vya sweta. Mama yake akifunga, anavifungua, anakuja kwangu. Miaka tisa, ndugu zangu!

Mungu hakutupa mtoto mwingine. Dada zangu wakaanza kusema kwamba nalea damu ya mtu. Walisema mbele ya mke wangu, nami nikanyamaza. Nasema kweli mbele za Mungu: sikumpiga mwanamke yule, sikulewa, lakini nilinyamaza alipotukanwa, na kunyamaza kule kulivunja nyumba yangu. Alichoka, akadai talaka.

Tukaitwa kwenye baraza la usuluhishi la kata. Wazee wakatuuliza habari ya mtoto. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumwumiza mama yake, nikasema maneno haya: "Amchukue mwanawe aende naye. Damu yangu haimo humo."

Katibu akayaandika.

Mahakama ya mwanzo ikavunja ndoa. Mama Aneth akarudi kwao Kitandililo, kule Makambako, pamoja na mtoto. Nilidhani nitapumua. Ndugu zangu, wiki ya kwanza haijaisha nikajua nimejichinja mwenyewe. Nikichuma chai nageuka nyuma kumtazama, hayupo. Dereva wa lori akaniuliza, "Mdogo yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kwa bibi. Sweta lake moja lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango, nami sikulifua, maana lilikuwa bado na harufu yake. Nilikuwa naomba, lakini maombi yangu yote yalikuwa neno moja tu, mtoto, mtoto.

Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole. Nikamweleza yote. Akaniambia kwamba mtu aliyemlea mtoto anaweza kuomba aruhusiwe kumwona hata kama hakumzaa, kwa sababu kinachoangaliwa kwanza ni faida ya mtoto. Moyo wangu ukaruka. Kisha akafungua jalada, akanisomea maneno yangu ya barazani. Mama Aneth alikuwa ameyaleta, na alikuwa hataki nimwone mtoto. Afisa akanisihi nivumilie, amwite mama yake wazungumze. Nikamwitikia, lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri.

Nilikuwa na shangazi Makete, mbali, kwenye kijiji ambako hakuna ambaye angekwenda kuniuliza; huko ndiko nilikotaka kumficha mtoto. Alhamisi moja nikapanda gari mpaka Njombe, nikaunganisha mpaka Makambako, nikaenda shuleni wakati wa mapumziko. Aneth aliponiona alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Mwalimu wa zamu aliona anavyoniita baba; nikamwambia kuna msiba, akaturuhusu. Ndiyo, nilisema kuna msiba. Mdomo wangu ulikuwa umezoea uongo.

Stendi nikamnunulia hindi la kuchoma. Tukakaa kwenye benchi tukingoja gari la Njombe. Alikuwa na furaha, akinisimulia habari za shule mpya, na bibi yake, na mbuzi wa bibi yake. Mimi namtazama tu, kama mtu mwenye kiu aliyefika kisimani. Kondakta alikuwa anaita abiria. Nikanyanyuka.

Ndipo akasema, bila kunitazama, akiendelea kula hindi lake: "Mama alisema wewe ndiye uliyenikataa. Nikamwambia baba hawezi kusema hivyo."

Nikakaa tena. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amesimama kama shahidi wangu, tena shahidi wa uongo, kwa sababu ananipenda. Nikaona kwamba nikimpandisha gari lile, nitakuwa nimejenga maisha yake yote juu ya maneno mawili ya uongo, la barazani na la shuleni. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia tu kwamba siwezi.

Nikamwambia, "Nilisema, mwanangu. Nilikuwa na hasira, nikasema kana kwamba sikutaki, na si kweli. Na leo pia nimedanganya. Hakuna msiba, na mama hajui kwamba uko nami."

Hakulia. Aliliweka hindi chini. Kisha akavaa begi lake mgongoni, akasema, "Basi twende kwa mama."

Tulikwenda Kitandililo kwa miguu. Alitembea hatua mbili mbele yangu, hakunipa mkono. Njia ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizopita maishani. Lakini katika njia ileile, mzigo wa uongo niliokuwa nao tangu siku ya baraza ukaniondoka. Nilikuwa nakwenda kumpoteza, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Haleluya! Mimi nilifunguliwa nikitembea nyuma ya mtoto aliyenikasirikia.

Shule ilikuwa imeshatuma mtu kuuliza habari za msiba. Tulimkuta Mama Aneth amesimama barabarani bila kitenge kichwani, baba yake pembeni na fimbo. Nikamsalimu mzee, "Kamwene." Hakuitika. Nikaeleza kila kitu, na Makete, na shangazi, sikuficha. Nikamwomba mke wangu wa zamani msamaha kwa maneno ya baraza, na kwa miaka yote niliyonyamaza dada zangu walipomtukana. Akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Angeweza kwenda polisi. Hakwenda.

Nilikaa majuma matatu bila habari yoyote. Kiu ya mtoto haikupungua, msidhani. Ila niliweza kuomba mambo mengine pia, nikamwombea na mama yake.

Kisha afisa ustawi akanipigia simu. Nilipofika, Mama Aneth alikuwa ameketi pale. Afisa akamwuliza kama msimamo wake ni uleule. Akasema, "Alipokuwa na nafasi ya kumwiba, alimrudisha. Na alimwambia mtoto ukweli ambao mimi nilidhani hataukiri kamwe. Aje kumwona."

Tukaandika makubaliano, yakapelekwa mahakamani. Jumamosi moja kila mwezi naenda Kitandililo. Likizo, nusu ya kwanza, Aneth anakuja Lupembe. Siku ya kwanza aliyokuja hakunisemesha mpaka jioni. Siku ya tatu akaniuliza kama ningali namtaka. Nilimjibu, na jibu lile naomba libaki kati yangu na yeye.

Washarika, sikupewa yote niliyoomba. Siishi naye. Majuma manne kati ya Jumamosi moja na nyingine ni marefu, na kuna siku naacha kuchuma nakaa tu chini. Baba aliyemzaa anaweza kutokea kesho. Mama yake anaweza kuolewa mbali. Hakuna karatasi inayoweza kunikinga na hayo yote. Lakini silali tena na uongo wangu, na hiyo ni neema ya Bwana kwangu.

Kama yupo hapa baba anayelea mtoto asiyemzaa, asiache ulimi wake useme ambacho moyo wake haukisemi. Na kama umeshasema, usingoje hakimu akulazimishe. Nenda kwa mtoto, mwambie ukweli, hata kama utampoteza. Mtegemee Mungu kwa yatakayofuata. Alinipokea mimi; hatashindwa kukupokea wewe.

Shule zinafungwa Ijumaa hii. Jumamosi asubuhi nakwenda kumchukua. Niombeeni siku hizi chache zipite upesi.