Niliagwa Akheri, Nikafikia Olasiti

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Na nyie wa rika langu mliokaa huko nyuma karibu na mlango, habari zenu. Namshukuru Mungu kwa miguu inayonibeba leo, maana mara ya mwisho nilisimama papa hapa kanisani na nikawadanganya. Wengi mnaijua habari hii vipande vipande, mmeiokota kisimani na misibani. Leo nataka muisikie nzima. Sitataja jina la mtu. Jina la kuaibika ni moja tu, na hilo mnalijua.

Mnakumbuka nilirudi hapa na digrii yangu ya mambo ya maji. Mnajua pia kwa nini nilisomea maji. Tangu utoto nikicheka nafunika mdomo, kama nusu yenu mlivyofanya sasa hivi. Maji ya mlima wetu ni matamu, lakini yana ile floraidi inayotupaka meno rangi ya chai, na watoto wengine inawapinda miguu. Nilitaka nisome shahada ya pili nijue namna ya kuyasafisha kwa kitu ambacho mama wa Akheri anaweza kukipata. Sasa mama yangu ana ng'ombe wawili na migomba. Bila skolashipu, shahada ya pili ningeiota tu.

Niliomba miaka miwili. Ukiomba skolashipu unakuwa kama mchumba asiyejibiwa, unaangalia simu mpaka inakuonea huruma. Halafu siku moja ikaja barua kutoka chuo cha ng'ambo. Mstari wa kwanza wananipongeza. Nilipiga kelele, mama akaja na panga akidhani nyoka ameingia. Akaniuliza, umepata? Nikasema nimepata. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hapo nilikuwa sijadanganya. Nilikuwa sijasoma tu.

Kabla jua halijazama mwinjilisti alishajua. Jumapili ikatangazwa hapa, mkapanga siku ya kuniaga. Jumatano kabla ya siku hiyo ndipo nilipokaa chini na ile barua nikafika ukurasa wa pili. Ulisema nimekubaliwa kusoma, na kabla ya viza nionyeshe ni nani atakayenilipia. Yaani mlango wamenifungulia, lakini ada, nauli na chakula ni juu yangu. Niliusoma mara nne, nikidhani Kiingereza changu ndicho kibovu.

Ningeweza kusema siku ile. Mama alikuwa uani anachambua mchele wa sherehe, hatua kumi kutoka nilipokaa. Lakini nilikuwa na maombi mengine kwa mfuko mmoja wa ufadhili, jibu lilikuwa njiani, nikajiambia litafika kabla ya safari na hakuna atakayejua. Nikakunjua uso vizuri nikaenda kumsaidia mchele.

Jumapili mkaniwekea mikono kichwani. Mbuzi akachinjwa. Akina mama mkanivalisha koti, lile zito la kijivu, mlilolitafuta mitumbani wiki nzima. Ndani ya kola mlishona kipande cha kitenge cha sare yenu, mkasema huko makoti ni mengi na yanafanana, hili ulitambue ni la kwenu. Mimi nikalia. Mkadhani ni furaha, mkalia na nyie.

Jibu la ule mfuko lilikuja Ijumaa iliyofuata. Wanasikitika. Safari ni Jumatatu.

Niliwaambia ndege yangu inaruka kutoka Nairobi, mkanisindikiza mjini hadi kwenye basi, mkaimba barabarani watu wakageuka. Basi likaondoka. Tulipofika Ngaramtoni nikamwambia dereva nimesahau paspoti nyumbani, nishushe. Alinihurumia sana yule kaka, akaniteremshia sanduku mwenyewe na kunitakia heri. Nikabaki kando ya barabara na koti mkononi na jua la saa nne. Sikuweza kurudi na sikuwa na pa kwenda.

Nilikwenda Olasiti kwa sababu moja tu, sikumjua mtu wa huku kwetu anayeishi kule. Nikapata chumba kwa mama mmoja Mwislamu, mtu wa Kondoa, mpole. Kazi yangu ikawa kuwachapia na kuwasahihishia watu maandiko yao humo ndani. Nikitoka kwenda dukani navaa dera na ushungi, nabakiza macho. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama ninataka kusilimu, nikasema hapana, najikinga vumbi. Akanitazama, akaniuliza tena, "Mwanangu, umemtoroka mume?" Nikasema sina mume. "Basi umetoroka nini?" Nikasingizia chai inachemka.

Nilidhani ni wiki mbili, mpaka skolashipu nyingine ijibu. Ikawa miezi kumi na minne.

Wapendwa, uongo una kazi nyingi kuliko ng'ombe wa maziwa. Mama akitaka kuniona kwenye simu, nafunga dirisha mlima usionekane. Navaa lile koti, maana akina mama mlikuwa mnakaa nyuma yake mnataka kuliona. Mwezi wa pili, joto la Arusha mnalijua, jasho linanitiririka mpaka kwenye macho, na mama anasema mwanangu unang'aa, huko kunakupenda. Siku moja akapita muuza dagaa na kipaza sauti chake. Mama akauliza, "Kumbe huko nako kuna dagaa?" Nikasema ni televisheni. Mnacheka. Mimi nilikuwa nacheka siku hiyo hiyo na kulia siku hiyo hiyo.

Na msidhani nilikaa bure bila kuomba. Niliomba kila nilichokiona. Lakini fomu inataka barua ya mwalimu wako wa chuo. Nikamwandikia mwalimu wangu, akajibu kwamba amesikia nimeshaondoka, sasa ninaomba tena kwa nini. Sikumjibu. Fomu nyingine inataka muhuri wa serikali ya kijiji. Kijiji gani? Mtendaji mwenyewe alimla yule mbuzi. Nikaelewa kwamba kila mlango wa kunitoa pale umefungwa na uongo ule ule ulioniingiza. Ningepata skolashipu kama ningesema kweli, na kweli ningeisema nikishapata skolashipu. Nilizunguka humo kama kuku aliyefungwa mguu.

Halafu bibi akafariki.

Mnisamehe, hapa huwa inanichukua muda. Bibi aliyenilea, mnamjua. Kutoka Olasiti hadi kaburini kwake ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Mimi nilimzika kwa simu, binamu yangu amenishikia juu ya vichwa vya watu. Nikasikia kwa masikio yangu mtu akisema, masikini yule mjukuu, angekuwa karibu angekuja. Nilikaa sakafuni na lile koti, nikaona kwamba nimekufa mimi, bibi amelala tu.

Hata hapo sikusema. Nataka mjue hilo, msije mkadhani msiba ulinitubisha. Aibu ilikuwa imeshaota mizizi.

Kilichonitoa ni binti mmoja wa kwaya ya vijana wa hapa hapa. Yeye ni mtaalamu wa kilimo, anahangaika na mnyauko wa migomba yenu. Mara tu baada ya kuagwa kwangu alikuwa ameniandikia: dada shikamoo, wewe umeweza, na mimi nisaidie. Ningemwambiaje sijui? Nikamsaidia. Na ndugu zangu, nilimsaidia kwa moyo wote, kwa sababu ilikuwa saa pekee ya siku ambayo sidanganyi. Nikamwambia kila tangazo alianze ukurasa wa mwisho, atafute nani analipa ada, nani analipa nauli, nani analipa bima. Barua yake ya kwanza ilikuwa imejaa umaskini wa kwao. Nikamwambia wafadhili wanasoma umaskini asubuhi hadi jioni, waandikie ulichokiona shambani, siku ile ulipokata mgomba wa mama fulani ukatoa usaha wa njano naye akakuuliza, sasa watoto watakula nini. Aliandika upya mara sita. Ya saba nilipoisoma nilitamani ningekuwa mimi.

Akapata. Kila kitu kimelipwa, na tuliuhakikisha ukurasa wa mwisho pamoja. Aliomba chuo gani? Kile kile nilichodai nasoma, ili awe karibu na dada yake.

Akanipigia mchana, nikiwa nafua. Sauti yake inaruka. Akasema tiketi imefika, akasema mama yangu ameshaandaa mzigo wangu, kahawa, ndizi zilizokaushwa, na magadi. Halafu akaniuliza, "Dada, utakuja kunipokea uwanja wa ndege?"

Nilimwona amesimama kule na sanduku, anatazama watu wanaotoka na kuingia, na kila dakika anasema dada atafika. Mimi nilijua kusimama na sanduku kukoje. Nikakaa juu ya ndoo.

Nikamwambia, "Niko Olasiti."

Akauliza, "Olasiti ya wapi?"

"Hii ya kwetu. Sikuondoka."

Nilimwambia yote, povu likanikaukia mikononi. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Akaniuliza, "Kwa hiyo yale yote uliyonifundisha yalikuwa uongo?" Nikamwambia, "Hayo ndiyo ya kweli peke yake." Akakata simu.

Kesho yake akaja, amenuna, na mzigo wa mama begani. Mama mwenye nyumba akamkaribisha chai, hakunywa. Nilinyoosha mikono nipokee mzigo, akaurudisha nyuma. Akasema hawezi kuupeleka ng'ambo, na hawezi kuniachia pale, kwa sababu mama alimkabidhi amfikishie mwanawe. "Utaubeba mwenyewe mpaka kwa aliyeutuma." Ni mdogo wangu kwa miaka mitano. Nikavua ushungi nikaubeba.

Tulimkuta mama anashusha majani ya ng'ombe. Nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Aliuangalia mzigo alioufunga kwa mikono yake, akaniangalia mimi. Nikapiga magoti, nikamwambia sikwenda popote, nilikuwa Olasiti. Nilisubiri anipige, nilitamani anipige. Alifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

Akasema, "Bibi yako alikuulizia mpaka pumzi ya mwisho. Nikamwambia uko mbali." Akakaza khanga kiunoni. "Kumbe nilimdanganya mtu anayekufa."

Hilo ndilo deni langu, wapendwa, na sitalimaliza. Mama hakusema nami siku tatu. Ya nne akaniamsha asubuhi, akanipeleka kwenye kaburi la bibi, akasema mwambie mwenyewe. Nikamwambia. Tuliporudi akanipikia mtori, nikajua nimerudi nyumbani.

Toka hapo nilianza upya, kwa miguu. Nilikwenda kwa mwalimu wangu nikamweleza. Alinifokea, akaniacha nisubiri mwezi mzima, halafu akaandika barua nzuri kuliko ile ya kwanza. Nilikwenda kwa mtendaji, akacheka mpaka akatafuta kiti, akagonga muhuri. Nikakataliwa mara mbili tena, ila safari hii nilikataliwa nikiwa kwetu, nikala chakula nikalala.

Wiki iliyopita nimepata barua. Na nimekuja nayo, kurasa zote. Mama mwenyekiti wa wanawake, naomba baadaye uisome wewe, na uanze na ukurasa wa mwisho, kabla mtu hajapiga kofi. Ni ufadhili wa kusoma maji haya haya tunayokunywa, katika chuo kilicho hapa hapa mkoani, chini ya mlima wetu. Tangazo lake lilinipita mbele ya macho nikiwa Olasiti nikaliruka, kwa sababu nilikuwa nimeshaagwa kwenda mbali.

Namshukuru yule mama wa Kondoa aliyenihifadhi bila kunichokonoa. Namshukuru mwalimu wangu. Mama, asante, sina zaidi. Na yule binti wa kwaya, ambaye hayupo leo, ndiye aliyenifungua mguu.

Vijana, furaha isiwatangulie macho, someni mpaka mwisho. Na nyie wazazi wetu nawaomba jambo moja, kwa heshima. Tunao wimbo wa kumsindikiza anayeondoka, tena mzuri. Wa kumpokea aliyekosa hatuna. Ningejua upo, ile Jumatano ningetoka hadi uani nikasema.

Akina mama, najua mnalo swali ambalo heshima inawazuia kuuliza. Koti liko wapi? Mtazameni huyu kwenye simu yangu, nitaipitisha. Huyo ni binti yenu wa kwaya, na hiyo nyeupe nyuma yake ni theluji, hii ni ya kweli. Nilimwambia ageuze kola. Kitenge chenu kinaonekana.

Mimi siendi popote. Mkiniona jioni nikipanda kutoka barabarani na madumu ya maji ya kupima, nisaidieni dumu moja, msiniulize nimerudi lini.