Dhiraa Moja ya Mwanakheir

Sogeeni wanangu, kaeni mkekani, na wewe Yusto uliyezoea kusimama mlangoni kama mtu wa safari, leo kaa chini, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kukufuata huko uliko. Rodha, niinulie mto kidogo. Hapo hapo. Tangu asubuhi nnaona weupe tu, sijui ni jua la dirishani au ni chokaa, ile chokaa niliyozipiga nyumba za Shangani na Malindi kule mjini miaka arubaini na zaidi, ikaniingia kwenye kucha na kwenye nyusi, hata nikirudi hapa Mbweni jioni marehemu mama yenu Agatha akinipokea kwa kucheka, "Karibu, mzuka wangu." Nnamsikia sasa hivi uani, anapepeta mchele. Msilie. Mwacheni apepete.

Nataka nianze kwa kushukuru, kwa sababu mwenye kugawa mali kabla hajamshukuru aliyempa, anagawa kama mwizi. Bibi yenu, mama yangu mzazi, aliletwa kisiwa hiki na wauza watumwa angali mtoto, katoka bara kwa Wayao, hata jina lake walimvua njiani. Alipokombolewa wamisionari wakambatiza, wakampa kiwanja hiki, na kila jioni alikuwa akihesabu neema kwa vidole: mhogo, maji ya kisima, paa lisilovuja, maji ya ubatizo, na kidole cha mwisho akikishika kwa nguvu akisema, "Na mimi mwenyewe, kwani sasa mimi ni wangu na wa Mungu." Nami nimeendelea kuhesabu. Mungu amenipa minazi kumi na saba, nyumba ya mawe ya vyumba vinne, mikono isiyotetemeka juu ya jukwaa la ujenzi, watoto wawili, na imani iliyonishika hata pale mimi nilipoiacha. Lakini mficha uchi hazai, wanangu. Nilishukuru kwa mdomo, na chini ya shukrani yangu palikuwa na jambo.

Sikilizeni. Mnajua kwamba sisi na Borafya, jirani yetu, Mungu amrehemu, hatukuwa tukisemezana. Mlikua mkiona hivyo, na wewe Yusto ukaurithi ugomvi huo bila kujua chanzo chake, mpaka leo unampita mjane wake njiani kama unapita gogo. Nilikwambia Borafya ni mtu wa choyo, alitaka kutumegea kiwanja. Sasa nsikilize vizuri. Nilipokuwa najenga chumba kikubwa, nilipima nikaona kitakuwa chembamba, nami macho yangu yalikuwa yameshalewa vyumba vya matajiri wa mjini. Basi Ijumaa moja, Borafya na wanaume wenziwe wamekwenda msikitini, niling'oa kigingi cha mpaka nikakisogeza dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole, upande wake, nikashindilia udongo kwa mguu. Aliporudi akasema kigingi kimesogezwa. Nikaapa kwa jina la Bwana kwamba hakijaguswa. Akasema, "Haya Fundi, Mungu kaona," akaenda zake, na tangu siku ile salamu ikakatika. Jumapili yake nilipiga magoti kanisani kushukuru kwa chumba kikubwa.

Nipe maji, Rodha. Kidogo tu.

Mwaka wa tatu baada ya hapo ukazaliwa wewe, Rodha, na siku ya nne mama yako akafa. Yusto alikuwa na miaka sita. Maziwa ya mbuzi uliyatapika, uji uliutapika, ukawa unalia kilio chembamba kama kifaranga kilichoanguka kisimani, na mimi nimekaa pale ukutani, na vidole vyangu havikuwa na neema hata moja ya kuhesabu. Nilimwambia Mungu maneno nisiyoweza kuyarudia. Mchana, jua la utosi, mlango ukafunguka bila hodi, akaingia Mwanakheir, mke wa Borafya, na mwanawe Silima kambeba ubavuni. Nikasema, "Bi Mwanakheir, sisi hatusemezani." Akasema, "Nimekuja kunyonyesha, sikuja kusema. Nipe mtoto."

Akaketi papo hapo, Silima ziwa hili, wewe ziwa lile. Nikasikia ukimeza. Wanangu, nimesikia kinanda cha kanisa, nimesikia kengele za Krismasi, sijapata kusikia sauti iliyonirudisha kwa Mungu kama ile ya mtoto anayemeza. Miaka miwili alikuja, asubuhi na jioni, na Borafya hakumzuia hata siku moja. Nami sikumwambia ahsante. Ningemwambiaje? Neno lilikuwa limelala chini ya kigingi. Fadhila ya punda ni mateke, nami nilikuwa punda anayekwenda Misa.

Yusto, najua umeshapatana na mtu wa mjini ugeuze chumba kikubwa duka la baiskeli. Ukuta ule utavunjwa, dhiraa moja irudi kwa Mwanakheir na Silima, nawe utafute fundi aujenge upya mahali pa haki. Chumba kitakuwa chembamba. Baiskeli nazo ni nyembamba. Usininunie, mwanangu. Minazi yote ni yako. Rodha, cherehani ya mama yako ni yako na chumba cha mashariki. Mimi mnizike kando ya Agatha.

Sasa Rodha, nenda ukamwite Bi Mwanakheir.

Amefika? Mbona simwoni? Aa, hapo, kwenye jamvi. Bi Mwanakheir, nimesogea karibu na mlango wa kutokea, sina haja tena ya kujipamba. Kigingi nilikisogeza mimi. Mumeo alisema kweli na mimi nikaapa uongo. Nisamehe. Na ahsante kwa ziwa lako. Ahsante. Neno dogo hivi, nimelibeba miaka thelathini na saba.

Anasemaje? Rodha, nirudilie, masikio yangu ni kama yamejaa maji… Kwamba Ijumaa ile alikuwa nyuma ya ua anafua? Kwamba aliniona nikikishindilia? Ulijua, mama? Miaka mitatu ulijua, na bado ukaja?

Anasema nini?

"Mtoto hakusogeza kigingi."

Mmesikia, wanangu? Mimi nilikuwa nikimtafuta Mungu kwenye chumba kikubwa.

Nnachoka. Mikono yenu, iwekeni hapa, na wako, Mwanakheir, uweke pia, mkono wa Mwislamu haukatazi baraka. Baba aliyetupa tusivyostahili awape riziki isiyo na jasho la mwenzenu ndani yake. Awape midomo myepesi… myepesi kushukuru watu kwa majina yao, wangali hai, wangali wanasikia. Nyumba isikose mgeni… isikose… Rodha, mwanga umekuwa mwingi, au?

Yusto. Uko wapi? Msalimie mama yako Mwanakheir.

Sikukusikia, mwanangu. Kwa sauti.

Tena…

Naam. Naye kakuitikia marahaba, nimemsikia. Amina.